Damu, Mifupa na Samadi katika Kilimo Hai: Tunabishania Nini Hasa?

Novemba 2023 Tanzania ilizindua mkakati wa taifa wa kilimo ikolojia hai, na mwaka mmoja baadaye Kenya nayo ikatoa mkakati wake wa kilimo ikolojia. Tangu hapo habari za mbolea za asili zimetoka kwenye semina za mabwana shamba zikaingia masokoni, na mkanganyiko ukaingia pamoja nazo. Mnunuzi asiyekula nyama anashtuka kusikia kwamba mchicha wa kilimo hai unaweza kuwa umekuzwa kwa unga wa damu. Muislamu anauliza kama nyanya iliyostawi kwa damu inaliwa. Mkulima anaambiwa kwamba chochote kilichotoka kwa mnyama ni salama kwa kuwa ni cha asili, na jirani yake anaambiwa kwamba pasipo ng'ombe hapana kilimo hai. Haya ni mambo manne tofauti, lakini katika mabishano huunganishwa yakawa moja, na ndiyo sababu watu hujibizana kwa muda mrefu bila kuelewana.

Tuanze na maana. Kilimo hai ni kilimo kinachofuata kanuni zilizoandikwa na kukaguliwa, ambazo hukataza mbolea za viwandani, viuatilifu vya sintetiki na mbegu zilizobadilishwa vinasaba. Afrika Mashariki ina kiwango chake cha pamoja tangu 2007, na mazao yanayokidhi kiwango hicho huweza kubeba nembo ya Kilimohai. Samadi ni mavi ya mifugo, mara nyingi yakiwa yamechanganyika na mkojo na matandiko ya zizi. Mboji ni mabaki ya mimea, pamoja na samadi au bila samadi, yaliyorundikwa yakaoza hadi kufanana na udongo. Mabaki ya machinjio ni kile kinachosalia baada ya nyama na ngozi kuchukuliwa: damu, mifupa, kwato, pembe, manyoya na yaliyomo tumboni. Damu ikikaushwa na kusagwa inakuwa unga wa damu, wenye naitrojeni ya asilimia 12 hivi, ilhali unga wa mifupa una fosforasi nyingi na naitrojeni kidogo; vyote viwili ni virutubisho vya mmea.

Kanuni za kilimo hai za Umoja wa Ulaya, soko kubwa la mazao ya kilimo hai yanayotoka kwetu, zinaruhusu samadi, unga wa damu, unga wa mifupa, wa kwato na wa pembe, kila kimoja kwa masharti yake. Kwa hiyo anayedhani kwamba nembo ya kilimo hai inamhakikishia zao lisilohusika na mnyama hata kidogo anaidai nembo ahadi ambayo haikuwahi kutoa. Tangu mwanzo mnyama alikuwa katikati ya kilimo hiki. Albert Howard, Mwingereza aliyefanya kazi Indore nchini India kati ya 1924 na 1931, alieneza namna ya kutengeneza mboji kwa kupanga tabaka za mabaki ya mimea na mavi ya ng'ombe, na sehemu kubwa ya alichofundisha alikuwa amekiona kwa wakulima wa huko. Kwetu, kihamba cha Wachaga, yaani shamba la nyumbani, kwenye miteremko ya Kilimanjaro kiliendeshwa hivyo kabla ya nembo yoyote kuwapo: ng'ombe anafungwa zizini, analetewa majani na vipande vya migomba, anakanyaga yale anayoyabakiza yakalowa mkojo, kisha matandiko hayo yanakokotwa nje, yanarundikwa kivulini na kufunikwa kwa majani ya migomba. Mwenye rundo huchomeka kijiti katikati. Akikichomoa kikiwa cha moto, bado kazi inaendelea. Kikitoka kimepoa na kunukia udongo, samadi iko tayari kurudi kwenye shina la mgomba.

Ulazima wa kurudisha ndio unaozaa suala lote. Tani 1 ya mahindi makavu huondoka shambani na naitrojeni ya kilo 15 hivi, pamoja na fosforasi na madini mengine. Shamba ni kama ghala linalotolewa debe baada ya debe: asiyerejesha kitu hana budi kufika siku ya kukwangua sakafu. Mkulima wa kawaida hurejesha kwa mbolea ya kiwandani, iliyowezekana baada ya Fritz Haber kuonyesha mwaka 1909 jinsi ya kupata amonia kutokana na naitrojeni ya hewani, na kiwanda cha kwanza kufunguliwa Oppau, Ujerumani, mwaka 1913. Mkulima wa kilimo hai ameufunga mlango huo kwa hiari yake, na kwa hiyo anabaki na mikunde, mabaki ya mimea, miamba iliyosagwa, na mnyama.

Sasa tuangalie kinachotokea udongoni, kwa sababu hapa ndipo hofu nyingi zilipo. Mmea haunywi damu. Damu ikiingia udongoni, bakteria na kuvu huzivunjavunja protini zake hadi zikawa amonia, na bakteria wengine huigeuza amonia hiyo kuwa naitreti, ambayo mizizi huifyonza. Naitreti iliyotoka kwenye damu haitofautiani na ile iliyotoka kwenye jani la mbaazi au kwenye urea ya dukani. Anayetafuta damu ndani ya nyanya hataipata. Tatizo la kimaadili, kama lipo, halimo ndani ya nyanya hata kidogo. Limo katika kitendo: mnyama aliishije, nani alilipwa, nani aliwekwa hatarini, na mnunuzi aliambiwa nini.

Kwa Waislamu jambo hili limejadiliwa katika fiqhi, yaani elimu ya sheria za Kiislamu, kwa karne nyingi, na majibu yake ni mapana kuliko yale yanayosikika vijiweni. Damu inayotiririka wakati wa kuchinja ni najisi. Kuhusu mavi ya mnyama anayeliwa, wafuasi wa madhehebu ya Shafii, ambao ndio wengi katika pwani yetu, huyahesabu kuwa najisi, ilhali wale wa madhehebu ya Maliki na Hanbali huyaona kuwa safi kisheria. Hata hivyo wanazuoni walio wengi wanasema kwamba mmea uliokua kwenye mbolea ya najisi hauwi najisi kwa sababu hiyo, na kwamba kinachotakiwa ni kuosha sehemu iliyoguswa. Katika madhehebu ya Hanbali ndiko unakopatikana msimamo wa kulizuia zao hilo mpaka limwagiliwe maji safi. Kwa Mshafii uzito uko zaidi kwenye biashara kuliko kwenye chakula, kwani kuuza najisi si sahihi katika madhehebu hayo, ingawa kuitumia shambani kunaruhusiwa, tena kwa karaha, yaani ni bora kuepukwa. Hivyo anayenunua na kuuza magunia ya unga wa damu ana swali zito la kumpelekea mwanachuoni wake kuliko anayekula nyanya.

Asiyekula nyama kwa sababu ya kumhurumia mnyama ana swali la aina nyingine, na ili tumjibu kwa haki inafaa tutofautishe kile anachotoa mnyama aliye hai na kile kinachopatikana baada ya kuchinjwa. Tufanye hesabu ndogo. Ng'ombe wa kienyeji wa kilo 250 akichinjwa hutoa damu ya lita 8 hadi 10. Damu nyingi ni maji, kwa hiyo ikikaushwa hubaki unga usiozidi kilo 2, wenye naitrojeni ya robo kilo tu. Kwa kurejesha naitrojeni iliyoondoka na tani 1 ya mahindi, yaani magunia 10 ya kilo 100, ingehitajika damu ya ng'ombe wapatao 60. Ng'ombe huyohuyo akiwa hai zizini hutoa samadi kavu ya tani 1 hivi kwa mwaka, na samadi iliyotunzwa vizuri ina naitrojeni ya asilimia 1 au zaidi kidogo, ambayo ni kilo 10 au zaidi kila mwaka. Kwa udongo, ng'ombe aliye hai kwa mwaka mmoja ana thamani ya damu ya ng'ombe 40.

Hesabu hii inaondoa dhana mbili kwa pamoja. Ya kwanza ni kwamba kilimo hai kinasimama juu ya machinjio. Hakiwezi, maana damu haitoshi, na matumizi yake halisi ni kwenye vitalu na bustani za mboga zenye bei nzuri. Ya pili ni kwamba anayekataa unga wa damu analazimika kuikataa na samadi. Mtu anaweza kabisa kukubali samadi ya ng'ombe anayetunzwa vizuri na kukataa damu, na msimamo wake ukawa na mantiki, ijapokuwa atapaswa kukumbuka kwamba ng'ombe wa maziwa akizeeka naye hupelekwa machinjioni, na ndama dume hutangulia.

Hoja inayotolewa mara nyingi kutetea mabaki ya machinjio ni kwamba mnyama amekwisha kufa kwa ajili ya nyama, kwa hiyo kuitumia damu yake hakuongezi mateso. Naiona hoja hii kuwa na nguvu, lakini nguvu yake inategemea fedha. Hakuna anayechinja ng'ombe ili auze damu. Thamani ya damu ni ndogo mno mbele ya nyama na ngozi, na ikikosa mnunuzi ng'ombe atachinjwa vilevile. Hali ni tofauti kwa mbolea ya kuku. Mfugaji wa kuku wa mayai huuza mbolea yake kwa gunia na kuiweka kwenye mahesabu ya mradi pamoja na mayai na kuku waliochoka kutaga. Kadiri fungu hilo linavyokua katika mapato yake, ndivyo mnunuzi wa mbolea anavyozidi kuwa mshirika wa ufugaji wenyewe. Ikiwa kuku hao wamefungiwa maisha yao yote katika vizimba vya waya wasikoweza kunyoosha mabawa, basi mchicha uliostawi kwa mbolea yao una deni ambalo haliondolewi kwa kusema kwamba mbolea ni mabaki tu.

Umoja wa Ulaya unalitambua jambo hili, na kanuni zake za kilimo hai zinakataza samadi itokayo kwenye ufugaji wa kiwandani. Mabishano yamebaki kwenye tafsiri: kuku wangapi, wakifugwa namna gani, ndipo tuseme huo ni ufugaji wa kiwandani? Maoni yangu ni kwamba hapa ndipo penye udhaifu mkubwa zaidi wa kimaadili katika kilimo hai, kuliko kwenye unga wa damu unaoshtua watu zaidi. Damu inatisha kwa macho, lakini kizimba cha waya ndicho kinachodumu kwa sababu ya fedha zetu.

Samaki wanatupa kipimo kingine. Viwanda vya minofu ya sangara vya Mwanza na Kisumu huacha mapanki, yaani kichwa na mifupa yenye nyama iliyobaki. Ukiyatazama kwa mbali mapanki ni taka ya kiwanda inayofaa kabisa kusagwa ikawa mbolea. Ukiyatazama kwa karibu, ni kitoweo: wapo akina mama wanaoyanunua, wanayakaanga na kuyauza kwa watu ambao minofu yenyewe hawaimudu. Dagaa nao sehemu kubwa huishia kwenye chakula cha kuku. Kabla ya kuita kitu mabaki, kwa hiyo, inatubidi tuulize kama yupo mtu anayekila. Kumnyang'anya mtu kitoweo ili kustawisha saladi ya hotelini ni kosa hata kama hakuna samaki aliyeteseka zaidi.

Upande wa pili wa mizani ni kile kinachotokea mabaki yasipotumika. Damu iliyomwagwa mtaroni huoza, na ikifika mtoni bakteria wanaoiozesha humaliza hewa ya oksijeni majini hadi samaki wakafa. Machinjio nyingi za miji yetu zimejengwa kando ya mabonde na mito, kama ile ya Vingunguti jijini Dar es Salaam iliyo jirani na bonde la Msimbazi, na walio mabondeni hupokea kinachotoka juu. Kwa upande mwingine, machinjio ya Keekonyokie huko Kiserian, Kenya, hutumia uchafu wake kuzalisha biogesi. Mahali ambapo damu ingekwenda mtoni, kuigeuza mbolea ni kumwondolea jirani madhara, na kwangu huo ni wajibu. Hata asiyekula nyama anaweza kuukubali, kwa sababu haumtaki ashiriki katika kuchinja. Unamtaka asimwachie mwingine uvundo na maradhi.

Lakini wajibu huo una sharti, nalo linahusu usalama. Neno asili limewapumbaza watu wengi hapa. Kimeta, kinachozuka mara kwa mara kaskazini mwa Tanzania, huacha vijimbegu vinavyoweza kuishi udongoni kwa miongo kadhaa, na mifupa ya mnyama aliyekufa kwa kimeta ikisagwa hueneza ugonjwa shamba kwa shamba. Mnyama aliyekufa ghafla huku damu ikimtoka puani au nyuma hapasuliwi, haliwi, na mifupa yake haifai kwa mbolea ya aina yoyote. Hutolewa taarifa kwa daktari wa mifugo. Ulaya nayo ilipata funzo lake kwa kichaa cha ng'ombe, ugonjwa uliotambuliwa Uingereza mwaka 1986 na kuenea kwa sababu ng'ombe walilishwa unga wa nyama na mifupa ya wenzao; mwaka 1996 serikali ya nchi hiyo ilikiri kwamba huenda umefika kwa binadamu. Kisa kile kilihusu malisho, lakini kilibadilisha kanuni za mabaki yote: ubongo na uti wa mgongo wa ng'ombe havigeuzwi mbolea, na mabaki mengine yenye hatari lazima yapikwe kwa nyuzijoto 133 chini ya mgandamizo wa bari 3 kwa dakika 20. Chungu cha kawaida juu ya kuni hakifikii hapo.

Samadi mbichi ina hatari ndogo kuliko hizo ila ya kila siku, yaani bakteria wa kuharisha na mayai ya minyoo. Kanuni za kilimo hai za Marekani zinataka zipite siku 120 tangu samadi mbichi itiwe shambani hadi kuvuna zao ambalo sehemu yake ya kuliwa hugusa udongo, na siku 90 kwa mazao mengine ya chakula. Rundo lililopata joto la kutosha na kugeuzwa ipasavyo ndilo jibu la bei nafuu. Na anayesaga mifupa mikavu apewe barakoa, maana maadili ya chakula hayawezi kumhesabu kuku akasahauliwa kibarua.

Je, inawezekana kuacha kabisa kumtumia mnyama? Inawezekana zaidi kuliko wengi wanavyoamini. Wamatengo wa Mbinga, mkoani Ruvuma, wana ngoro: nyasi hukatwa na kulazwa kwa miraba juu ya mteremko, udongo huchimbwa katikati ya kila mraba na kutupiwa juu ya nyasi hizo, mashimo yakabaki kuzuia maji na matuta yakabaki na nyasi zinazooza ndani yake, kisha maharage yakatangulia na mahindi yakafuata. Katika umbo lake la asili ngoro haidai samadi. Katika mkoa huohuo, Peramiho ndiko ulikoenezwa mmea wa marejea, jamii ya mikunde, unaolimiwa udongoni ukiwa bado mbichi. Magharibi mwa Kenya alizeti mwitu, inayojiotea kando ya njia, hukatwa majani yake yenye naitrojeni ya asilimia 3 na nusu hivi. Huko Oxfordshire nchini Uingereza, Iain Tolhurst amelima mboga kwa miongo kadhaa bila samadi wala mabaki yoyote ya mnyama, na mwaka 2017 shirikisho la kimataifa la kilimo hai, IFOAM, lilikipokea katika orodha yake kiwango kinachokataza mnyama katika hatua zote za kilimo.

Ugumu uko kwenye fosforasi. Naitrojeni mikunde huitoa hewani, lakini fosforasi haimo hewani; mmea hauwezi kukusanya isipokuwa ile iliyomo udongoni, na mazao yakiuzwa mjini inaondoka moja kwa moja. Njia moja iliyo halali katika kilimo hai ni mwamba wa fosfeti uliosagwa, na kwetu mwamba huo ni wa Minjingu, jirani na Ziwa Manyara. Tabaka zake zina mifupa ya ndege wa majini, wakiwemo minandi, waliokufa zama ambazo ziwa la kale lilienea hadi pale. Fosfeti ya Minjingu kwa sehemu kubwa ni mbolea ya ndege, iliyochelewa tu kufika shambani. Sidhani jambo hili linawavunjia hoja wanaomkwepa mnyama. Linawasaidia kuiweka sawa. Wanachokikataa ni mateso ya mnyama wa leo, na hakuna mnandi anayeteseka leo kwa sababu ya Minjingu.

Ng'ombe naye hatengenezi fosforasi. Huikusanya malishoni na kuileta zizini. Samadi inayopakiwa kwenye malori kutoka maboma ya Wamaasai ya Kajiado na kupelekwa mashamba ya nyanda za juu za kati nchini Kenya ni rutuba ya malisho iliyohamishwa. Mkulima wa juu ananufaika na mfugaji anapata fedha, lakini nyanda zile hazirudishiwi kitu, na nembo ya kilimo hai inabandikwa mwisho wa safari ilhali kinachopungua kiko mwanzo wake.

Kwa hayo yote, mnunuzi hawezi kuamua kwa kuisoma nembo peke yake, kwa sababu nembo inamwambia kisichotumika wala haimwambii kilichotumika. Jambo hili linarekebishika bila gharama kubwa. Vikundi vingi vya wakulima wa kilimo hai Afrika Mashariki huthibitishwa kwa uhakiki shirikishi, ambapo wakulima wenyewe hukaguana shamba kwa shamba, na mkaguzi huuliza mbolea imetoka wapi. Swali hilo lingeongezwa mambo matatu: kama mbolea ni samadi au ni mabaki ya machinjio, kama mifugo iliyoitoa hufugwa huru, zizini au kwenye vizimba, na ilichakatwa vipi. Majibu yakiandikwa kwenye kibao cha gengeni pale mboga zinapouzwa, asiyekula nyama atachagua fungu lake, Mshafii atajua cha kumuuliza sheikh wake, na anayefuga kuku kwa vizimba atajua kwamba wateja wa mchicha nao wanamtazama.